Mwaka Ernestine Aliposema "Bado"

Kwa miaka kumi na tisa, katika kijiji kimoja kando ya barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare, hakuna mwanamke wa likilimba aliyetia mbegu ya mpunga ardhini kabla Ernestine hajasema. Likilimba lao lilikuwa la wanawake kumi na wanne waliosaidiana kwa zamu: leo wote kwenye shamba la huyu, kesho wote kwenye shamba la yule, mpaka mashamba yaishe. Ernestine ndiye aliyepanga zamu, na ndiye aliyechagua siku.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza kushika, alikuwa anapanda mlimani peke yake alfajiri. Alichagua mahali penye majivu ya miti iliyochomwa, akachimba kwa vidole mpaka mkono ukazama karibu na kiwiko. Udongo ukiwa mkavu chini, alirudi nyumbani bila kusema neno. Ukiwa na ubaridi mpaka chini kabisa, na ukishikana kiganjani bila kutoa maji, aliteremka.

Hakuwa na mengine ya kujivunia. Kanisani sauti yake ilipotea katikati ya wimbo. Kusoma alisoma kwa kukanyaga silabi moja moja. Mume wake Christophe, mtu mwema mwenye maneno machache, hakuwahi kumwambia kwamba ni mzuri. Watoto wao watano walikuwa wameshatawanyika. Wa kwanza, Gédéon, alifanya kazi Kindu, na kwa jina lake watu walimwita Ernestine Mama Gédéon. Lakini mwezi wa kumi ulipofika, wanawake waliacha mitwangio ndani ya vinu wakimwona anashuka mlimani.

"Mama Gédéon, vipi?"

Naye aliwaacha wangoje kidogo, akafuta mkono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, ndipo akasema, "Kesho." Neno hilo moja lilimshibisha mwaka mzima.

Sonia alikuja kutoka Salamabila, kule kwenye dhahabu. Alizaliwa upande wa Uvira, na kule machimboni aliolewa na Muzaliwa, kijana wa kijiji hiki aliyekuwa anachimba. Shimo lilipombomokea Muzaliwa, Sonia alibaki na binti mmoja, Plamedi, na kifurushi cha nguo. Ndugu za marehemu wakampa kipande cha mlima, mpaka mmoja na shamba la Ernestine, wakamwambia alime ale.

Likilimba likampokea, akatimiza wale kumi na wanne, lakini kulima hakujua. Siku yake ya kwanza ya kupalilia aling'oa mpunga, akaacha jani, gugu ambalo wanawake wa pale wanaliita shemeji. Wanaliita hivyo kwa sababu linafanana na watu wa nyumbani, linakaa katikati yao, linakula chakula chao, na siku ya mavuno halileti kitu. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Ernestine hakucheka. Alipiga magoti kando ya yule mgeni, akashika miche miwili.

"Angalia hapa, pale jani linaachana na shina. Mupunga iko na kaulimi kadogo na ndevu mbili. Shemeji hana kitu, ni laini tu. Pitisha kidole, jicho itakudanganya."

Sonia akapitisha kidole. "Hii ni shemeji."

"Ngoa."

Akamfundisha na mengine. Kwamba majani yanaua mpunga ungali mchanga, kwa hiyo wiki tatu za kwanza ndiyo vita yenyewe. Kwamba lazima mtu apite mara ya pili kabla mpunga haujaanza kubeba mimba. Kwamba shamba likishachomwa na kusafishwa lisilale wazi chini ya mvua, maana majani hayangoji mtu. Ernestine alipenda kumfundisha. Miaka miwili ile walipanda mlimani pamoja, wakala mihogo ya kuchoma kwenye jani moja, na Sonia alimwita Yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa wa tumbo moja.

Mwaka wa tatu Sonia alileta kamba. Ilikuwa kamba ya nailoni ambayo Muzaliwa alipimia shimo, na yeye aliifunga mafundo kila shubiri moja. Akaivuta kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho, akatoboa na kupanda kwenye kila fundo, akaacha kati ya mistari nafasi ya jembe kupita. Wanawake wengine walipanda kama walivyopanda mama zao, hapa shimo, pale shimo. Ernestine alisema mbele ya wote, "Mama Plamedi anapanda paredi ya askari," wakacheka, naye Sonia akacheka nao.

Mpunga ulipofika magotini, moniteri, mshauri wa kilimo kutoka Kasongo, alipita na pikipiki yake. Akasimama chini ya mlima, akazima injini, akapanda mpaka mahali Ernestine alipokuwa anapumzika.

"Mama, mwenye shamba hii iko wapi? Nataka nimupongeze. Tangu asubuhi sijaona mupunga ya namna hii."

Mkono wa Ernestine ulishapanda kifuani. "Ni miye, baba."

Moniteri akatazama vizuri, akaona Ernestine amesimama upande gani wa mpaka. "Samahani, mama. Nilisema ile ingine. Ile ya mistari."

Ernestine akaushusha mkono. Akamwita Sonia. Akasimama pale akisikiliza mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutofautisha mpunga na shemeji, akimweleza moniteri mambo ya kamba, na moniteri akiandika.

Ndipo kitu kilipomwingia. Hakulijua jina lake siku ile. Alijua tu kwamba chakula cha jioni hakikushuka. Kesho yake alianza kuona vitu ambavyo zamani havikumhusu: nani alimsalimia Sonia kwanza na nani alimsalimia yeye, Sonia alikaa benchi gani kanisani, alicheka na nani kisimani. Sonia akivaa kikwembe kipya, Ernestine aliona. Sonia akikohoa, Ernestine aliona pia, na kitu ndani yake kikatulia kidogo, kisha akaona aibu.

Jioni moja, wakila wali na sombe ya majani ya mihogo, Christophe alisema bila kufikiri mbali, "Ile kamba ya Mama Plamedi, na sisi tungejaribu."

Ernestine alichukua sahani iliyokuwa mbele ya mume wake, ingali nusu imejaa, akaenda kuiosha.

Lakini kilichomkata zaidi kilitoka kwa Séraphine. Séraphine alikuwa msichana mnyonge aliyeolewa nyumba ya pili kutoka kwao, na Ernestine alimpenda kama binti yake. Ernestine ndiye aliyemshika mkono alipojifungua mtoto wa kwanza. Mwisho wa mwezi wa tisa mwaka uliofuata, Ernestine alipita nyuma ya ua akamsikia akiuliza, kwa sauti ile ile ambayo siku zote alimwulizia yeye, "Dada Sonia, unaona tupande lini?"

Hakusikia Sonia alijibu nini, kwa sababu aliondoka haraka.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, kabla ya misa, Ernestine alipanda mlimani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano kati ya saba. Akachimba, mkono ukazama, ubaridi ukamfika kwenye kiwiko. Akaminya udongo, ukashikana. Siku nzuri namna ile hakuwa ameipata tangu miaka mingi. Akashuka akinawa njiani kwenye kijito, kwa haraka, huku akionja lile neno mdomoni. Angelisema baada ya misa, wote wakiwepo.

Watu walipotoka kanisani, wanawake wa likilimba walikusanyika uani kama kawaida. Ernestine alikuwa anatengeneza kitambaa cha kichwa. Na Sonia, kwa furaha tu, bila kupima, akasema kwanza.

"Yaya, mimi naona udongo iko tayari. Nilichimba jana. Labda tupande kesho?"

Wanawake kumi na wawili wakageuka kumtazama Ernestine. Lakini kabla ya kumtazama yeye, walikuwa wamemtazama Sonia, na wawili au watatu walikuwa wameshaitika kwa kichwa.

"Bado," Ernestine akasema.

"Bado?"

"Mvua hii inacheza na watu. Itanyesha, halafu itakata, mbegu itaozea chini. Miye naijua tangu ungali ku Salamabila."

Sonia akashusha macho. Yakatua kwenye mkono wa kulia wa Ernestine. Karibu na kiwiko, pale maji ya kijito hayakufika, palikuwa na mstari wa udongo mweusi uliokuwa umeanza kukauka. Sonia akautazama. Kisha akatazama pembeni, akamshika Plamedi bega, wakaenda zao.

Jumatatu Sonia alipanda, yeye na binti yake na kamba yao. Wengine wote walingoja.

Ernestine alidhani atangoja siku nne, tano, kisha atasema "Kesho" na mambo yatakuwa yake tena. Lakini kila asubuhi alipoamka, mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na kila mvua nzuri ilimpa Sonia haki. Akisema "kesho" sasa, si ataonekana anamfuata? Akaomba mvua ikate. Aliomba kweli, kwa magoti, mkulima wa mpunga, akimwomba Mungu jua. Haikukata. Ng'ambo ya bonde watu wa kijiji kingine walipanda, moshi wao ukaonekana, nyimbo zao zikasikika.

"Mama Gédéon," Christophe akasema, "ng'ambo wamemaliza."

"Udongo wao ni mwingine."

"Ni mulima moja."

"Unataka uchague weye?"

Christophe hakutaka kuchagua. Akaenda kunoa panga.

Wiki ya tatu mbegu za Sonia zilikuwa zimeshatoka, mistari ya kijani iliyonyooka. Akaja kwa Ernestine, akasimama mlangoni, hakuketi.

"Yaya, shamba yangu inaomba kupaliliwa. Desturi ni kwamba aliyepanda kwanza, likilimba linaanza kwake."

"Likilimba halijapanda, Mama Plamedi. Litapalilia nini? Ulipanda peke yako."

"Sawa, Yaya," Sonia akasema, akaenda.

Siku zile Ernestine alipata visingizio vingi vya kwenda mlimani. Alikaa kwenye kivuli cha kibanda chake, akijifanya anachambua mbegu, na kumbe anayatazama majani katika shamba la mwenzake. Aliyategemea. Aliyaita moyoni kama mtu anavyoita mbwa wake: njoo, inuka, kamata. Shamba kubwa vile, watu wawili, lingewashinda. Lakini pale kwenye mistari jembe lilipita. Sonia alisukuma katikati, Plamedi akafuata akichomoa kwa mkono yaliyobaki karibu na shina, akipitisha kidole kutafuta kaulimi na ndevu. Siku ya tisa walimaliza. Mpunga ulisimama peke yake juu ya udongo mtupu, mweusi, na Ernestine akalia kwa hasira pale kibandani.

Alisema "Kesho" katikati ya mwezi wa kumi na moja. Hakuna mwanamke aliyeacha mtwangio. Walikuwa wamechoka kungoja.

Na sasa mashamba yao yalikuwa na wenyewe wengine. Yalichomwa, yakasafishwa, yakalala wazi chini ya mvua zaidi ya mwezi, na majani yalifanya vile Ernestine mwenyewe alivyofundisha kwamba yanafanya. Wengine walitoboa mashimo katikati ya kijani. Mpunga ulipotoka ulikuta shemeji ameshakaa mezani. Kisha, kwa kuwa wote walipanda ndani ya siku chache, wote walihitaji kupaliliwa siku zile zile, na wanawake kumi na watatu hawawezi kuwa kwenye mashamba kumi na matatu kwa pamoja. Ernestine alipanga zamu. Ya mwisho ikamwangukia Séraphine, ambaye mtoto wake mdogo alikuwa na homa na hakuweza kwenda mapema peke yake. Walipofika kwake ilikuwa wiki ya saba. Walipalilia siku mbili. Walipong'oa majani waliona mpunga uliokuwa chini yake: mwembamba, wa manjano, umelala, kama mgonjwa aliyetolewa shuka.

Mwisho wa mwezi wa kwanza Sonia alivuna. Ng'ambo nao walivuna. Mwezi wa pili kikaja kile kiangazi kidogo kinachokuja kila mwaka, wiki tatu bila tone, na kikaukuta mpunga wa likilimba katika maua. Mwezi wa tatu, mashuke yalipogeuka rangi, hapakuwa na mpunga mwingine uliosimama katika bonde lote, kwa hiyo ndege wote wa bonde walikuja kwao. Wanawake walipiga madebe tangu jua linapotoka mpaka linapozama. Ernestine alikata shuke, akaliminya kati ya vidole. Kati ya punje kumi, sita zilikuwa maganda matupu. Yeye alipata nusu ya mavuno ya kila mwaka. Séraphine alipata vikapu viwili.

Siku chache baadaye Séraphine alikuja kwake asubuhi, mtoto mgongoni, na bakuli la mchele mpya lililofunikwa kwa jani. Ni desturi yao kumpelekea aliyechagua siku. Alilishika kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Mama Gédéon, ni kidogo. Usinikasirikie. Nilikuharibia likilimba. Ni miye sikuweza kupalilia mbio, mutoto alikuwa mugonjwa. Weye ulichagua siku muzuri, miye ndiye nilishindwa."

Ernestine alilitazama bakuli. Angeweza kulipokea. Séraphine mwenyewe alikuwa amemtengenezea njia ya kutokea, pana, isiyo na mwiba, na kijijini kote hakuna ambaye angejua, isipokuwa mmoja.

"Inuka," akasema. "Inuka, mutoto wangu. Rudisha mchele. Ita wale wengine, waje hapa."

Walikuja, wakakaa juu ya mikeka na vinu vilivyolazwa. Sonia alikuja wa mwisho, akasimama karibu na ua. Ernestine hakuketi. Christophe alitoka ndani, akaona uso wa mke wake, akabaki mlangoni.

"Ile Jumapili ya mwezi wa kumi," Ernestine akasema, "nilikuwa nimetoka kuchimba. Udongo ilikuwa tayari. Nilikuja niwaambie kesho. Mama Plamedi akanitangulia kusema, na miye nikasema bado. Mvua haikucheza na mutu. Ni miye nilicheza na ninyi."

Mwanamke mmoja aliinuka, akakung'uta kikwembe, akaondoka bila kuaga. Séraphine alikuwa angali ameshika bakuli. Alilitazama, kisha akamtazama Ernestine, na ule upole ukamtoka usoni.

"Juu ya wivu?" akauliza. "Watoto wangu watakula nini mupaka mavuno ingine? Juu ya wivu?"

"Juu ya wivu."

Séraphine akaondoka naye, bakuli mkononi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, mpaka akabaki Sonia pale uani.

"Uliona udongo ku mukono wangu," Ernestine akasema.

"Niliona."

"Juu ya nini hukusema?"

"Nilifikiri hawatanisikia. Ni hivyo nilijiambia," Sonia akasema. "Lakini haiko ukweli yote, Yaya. Nilifurahi. Nilitaka shamba yangu isimame peke yake, watu wote waione. Nilijua Séraphine anangoja, na sikumwendea. Hata usiku mmoja sikulala vibaya juu yake."

Hawakukumbatiana. Walisimama kama watu wawili waliokutana wakitoka kuiba kwenye shamba moja. Kisha Ernestine akasema kwamba ana mpunga wa kutosha kugawana na Séraphine, na Sonia akasema ana zaidi. Siku ile ile walibeba magunia mawili mpaka mlangoni kwake. Séraphine alipokea la Sonia. La Ernestine aliliacha nje, mpaka Christophe alipokwenda jioni kumsihi aliingize kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja.

Wanawake walimwondolea Ernestine kazi ya kuchagua siku. Hawakumpa Sonia pia. Walisema kuanzia sasa watapanda mlimani watatu, na wote watatu watachimba, na lile ambalo wawili wataliona ndilo litakalokuwa. Wakamtaja Sonia, wakamtaja Séraphine. Walibishana sana juu ya wa tatu, na mwisho wakamtaja Ernestine, kwa sababu mkono wake ulijua, hata kama mdomo wake ulidanganya.

Msimu ule wa pili, wa karanga, Ernestine alilima kwa Séraphine kila Alhamisi bila kuitwa. Alhamisi nne za kwanza hawakuongea. Ya tano Séraphine alimletea maji.

Mwezi wa kumi uliporudi, walipanda mlimani wote watatu. Séraphine alichimba, akasema hajui. Sonia alichimba, akasema, "Kesho." Ernestine alizamisha mkono, na ilikuwa kesho kweli, na wivu ule ule ukainuka kooni, mzima, haujapungua hata kidogo. Alikuwa amedhani umekufa. Akakaa mkono ungali chini ya udongo mpaka ukatulia.

"Kesho," akasema. Lilitoka kama mfupa uliokwama.

Walipanda kwa siku kumi na mbili, kwa kamba ya Sonia na nyingine tano walizosuka kwa kuufuata mfano wake. Kabla ya wiki ya tatu kuisha walikuwa wameanza kupalilia, kwa aliyepanda kwanza, na Ernestine ndiye aliyeshika mstari wa kwanza katika shamba la Sonia. Alipalilia safi. Ilimchukua nguvu kutoangalia ni mistari mingapi mwenzake alikuwa amemtangulia, na mara nyingine aliangalia.

Mpunga ulipobeba, Gédéon alipiga simu kutoka Kindu. Akauliza habari za baba, habari za mgongo, kisha habari za shamba.

"Mupunga imesimama muzuri," mama yake akasema. Simu ikakaa kimya, mpaka Gédéon akadhani imekatika. "Ya Mama Plamedi pia," akasema.